Jina la Mama

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mwanamke hubadilishwa jina mara kadhaa kabla ya kufa. Akizaliwa hupewa jina lake. Akiolewa huwa mke wa fulani. Akijifungua mtoto wa kwanza huwa Mama Asha au Mama Juma, na jina hilo ndilo analoitwa na mumewe, majirani, muuza samaki na hata wakwe. Wajukuu wakizaliwa huwa Bibi, au Nyanya kwa watu wa Kenya. Majina haya yote ni ya heshima. Kumwita mama wa watu kwa jina lake tupu, hasa mbele ya wanawe, huhesabiwa utovu wa adabu.

Heshima hiyo huleta jambo moja zito siku anapofariki. Jina lake la kuzaliwa linapotajwa, waombolezaji hugeukiana na kuulizana ni nani huyo. Watu walioishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka 30, wakaazimana chumvi na kuuguziana watoto, hulisikia jina lake kwa mara ya kwanza penye msiba wake.

Kwa sababu hiyo kumkumbuka mke, mama na bibi ni kazi ya pande mbili. Upande mmoja ni kutunza yale aliyokuwa kwa watu wake: ulezi, mapishi, maonyo, dua. Upande wa pili ni kumtambua yeye mwenyewe, mtoto wa watu aliyekuwa na jina lake, ujana wake na kazi yake kabla hajawa mama wa yeyote. Msiba una hatua zake, na kila hatua hubeba sehemu ya kazi hiyo.

Tanzia

Hatua ya kwanza ni kutangaza. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na muda wake wa matangazo ya vifo, na nyumba nzima ilinyamaza yalipoanza. Tangazo lilikuwa na mpangilio uliozoeleka: nani anatangaza na anaishi wapi, marehemu alikuwa nani kwake, mazishi ni wapi na saa ngapi. Kisha yalifuata maneno "habari ziwafikie", na baada yake orodha ya ndugu, kila mmoja na mji wake. Kwa mwanamke mzee orodha hiyo ilikuwa ramani ya maisha yake. Mtoto wa kwanza aliyefuata kazi ya reli Tabora, binti aliyeolewa Mtwara, kaka aliyebaki Kigoma kwenye kiwanja cha wazazi: msikilizaji makini aliweza kujua kutoka kwenye tangazo hilo alikotoka mama huyo na jinsi uzao wake ulivyosambaa.

Siku hizi habari hupita kwenye simu. Kundi la WhatsApp la ukoo huweza kumfikia mtoto aliye Muscat, London au Toronto kabla jirani wa nyumba ya tatu hajasikia kilio. Umbo la tanzia, hata hivyo, halijabadilika sana. Bado marehemu hutajwa kupitia watu wake: mke wa mzee fulani, mama wa fulani na fulani, bibi wa wajukuu kadhaa. Familia inayotaka kumtendea haki huanza na jina lake kamili na la baba yake, kisha jina la umama lililozoeleka mtaani, ili wote waliomjua, kwa jina lolote lile, wapate kumtambua.

Kuoshwa na kuzikwa

Kwa Waislamu wa pwani maziko hayacheleweshwi. Mwanamke huoshwa na wanawake, ingawa mumewe naye ameruhusiwa kumwosha. Maji huwekwa majani ya mkunazi, na ya mwisho hutiwa karafuu maiti. Kisha huvikwa sanda ya vipande 5, wakati mwanamume huvikwa 3, na chumba hufukizwa udi. Kwa kuwa kwa desturi ya pwani wanaume ndio wanaobeba jeneza na kwenda makaburini, wanawake wengi humuaga mwenzao hapo hapo chumbani. Mwoshaji huwa mara nyingi ni mwanamke wa mtaa aliyemjua marehemu kwa miaka mingi, na mabinti hushirikishwa kumimina maji. Mama aliyewaogesha wakiwa wachanga huogeshwa nao kwa mara ya mwisho.

Kwa Wakristo wa bara mwili huletwa nyumbani au kanisani, ndugu wakatoa heshima za mwisho, wasifu ukasomwa, ndipo msafara ukaelekea kaburini. Hapo wake kwa waume husimama pamoja, na mashada huwekwa kwa zamu: mume, watoto, wakwe, wajukuu.

Mazishi yenyewe yanaweza kueleza maisha ya mtu. Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameusia kwamba pasikatwe mti kwa ajili ya jeneza lake. Jeneza likatengenezwa kwa mianzi, magugumaji na mafunjo, na mwili ukachomwa. Hata jina lake lilikuwa na historia. Baada ya talaka mume alitaka aache kutumia jina la Mathai, naye akaongeza herufi moja na kuliandika Maathai, likawa lake. Mazishi ya mtu wa kawaida hayahitaji makubwa hivyo, lakini kanuni ni ile ile: wosia wa mama kuhusu maziko yake ni sehemu ya wasifu wake, nao unastahili kuulizwa mapema na kutimizwa.

Matanga

Baada ya maziko nyumba hukaa matanga, mara nyingi siku 3. Wanawake hulala chini kwenye mikeka ndani ya nyumba, wanaume hukaa nje chini ya turubai, na wafiwa hawaachwi wapike. Sufuria kubwa huazimwa, kuni huletwa, na majirani hugawana zamu za kuosha vyombo. Wanaokuja kuhani hutoa pole, rambirambi au ubani kadiri ya uwezo wao.

Mezani, karibu na mlango, huwapo daftari. Mtu mmoja aliyeaminiwa huandika jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, ili familia ijue nani wa kumlipa fadhila siku yake itakapofika. Daftari hilo ni hati yenye thamani kuliko wengi wanavyodhani. Watoto wakilisoma baada ya matanga hukutana na majina wasiyoyajua: kikundi cha upatu ambacho mama yao alikuwa mweka hazina, mama wa mtaa wa pili aliyezalishwa naye usiku wa mvua, kijana aliyelipiwa ada ya shule pasipo mtu nyumbani kujua. Kila jina ni mlango. Familia inayowatembelea watu hao wakati kumbukumbu zao bado mbichi huambiwa mambo ambayo mama hakuwahi kuyasema.

Kwenye matanga ya Tanzania bara kuna pia watani. Utani ni uhusiano wa tangu enzi kati ya makabila au koo, unaompa mtani ruhusa ya kusema na kutenda penye msiba yale ambayo kwa mwingine yangekuwa matusi. Mtani huingia chumbani, akatoka amejifunga kanga ya marehemu, kilemba chake kichwani na kikapu chake mkononi. Hupita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wa marehemu, goti moja likilegea kama lilivyolegea lake. Huwaita kuku kwa sauti yake, huteta na muuza mchicha juu ya fungu dogo, humgombeza mkwe aliyechelewa. Waliokuwa wakilia hucheka, kisha hulia tena, kwa sababu kwa dakika chache wamemwona. Kilichoigizwa hapo ni tabia yake, yaani kile ambacho picha haiwezi kukihifadhi.

Wajukuu nao ni watani wa babu na bibi zao. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume wangu, na mjukuu humtania bibi yake kwamba amezeeka, ataoa mwingine. Utani huo hauishii kaburini. Katika baadhi ya jamii wajukuu huzuia mwili wa bibi usitoke, wakidai walipwe kwanza kwa kunyang'anywa mke wao. Wazee hutoa vihela, njia ikafunguliwa. Ndani ya mchezo huo kuna tamko la dhati: bibi alikuwa na watu wake wadogo wenye haki juu yake, na haki hiyo inatambuliwa mbele ya wote.

Mgane

Kiswahili kina neno la mwanamume aliyefiwa na mke: mgane. Watu wengi hawalitumii. Husema mjane kwa wote wawili, au hawasemi lolote, na kimya hicho hulingana na namna mgane anavyotazamwa. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, muda wenye mipaka inayojulikana. Mwanamume hana eda. Hutarajiwa kupokea wageni, kusimamia gharama na kurudi kazini, na haupiti muda mrefu kabla hajashauriwa kuoa.

Lakini kwa ndoa iliyodumu miaka 40 au 50, mume ndiye anayejua sehemu ya maisha ya marehemu ambayo watoto hawakuiona: alivyokuwa msichana, posa ilivyokwenda, chumba cha kwanza cha kupanga, mtoto aliyefariki kabla ya hawa waliopo. Kumbukumbu hiyo hupotea upesi iwapo mzee hapati wa kumsikiliza. Kumpa mgane nafasi ya kusimulia ni kumtuliza, na pia ni kuokoa historia ya mkewe.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano wa mgane aliyesema. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alifiwa na mkewe Amina. Alimwandikia shairi, na kichwa cha shairi hilo ni jina lake hilo hilo, Amina. Hakumwita mke wake wala mama wa watoto wake. Aliwatungia pia watoto tenzi za wosia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe. Msomaji asiyemjua Amina kwa sura hulijua jina lake leo, kwa sababu mumewe alilitaja.

Wasifu

Wasifu wa marehemu husomwa kwa dakika chache, mara nyingi ukiwa umeandikwa usiku mmoja na mtu aliyechoka. Matokeo yake hufanana: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto kadhaa, aliugua, ameacha mume, watoto 6, wajukuu 19 na vitukuu 4. Hakuna uongo ndani yake, lakini wasifu huo ungeweza kusomwa kwenye mazishi ya mama mwingine yeyote.

Wasifu mzuri hujibu maswali zaidi. Mama alizaliwa na nani, na jina lake lilitoka kwa nani? Alijifunza wapi kazi yake, iwe ni kusuka ukili, kufinyanga, kulima mpunga, kufundisha au kuuza duka? Alipata wapi fedha ya kwanza iliyokuwa yake mwenyewe, na aliifanyia nini? Alipenda kuimba wimbo gani alipodhani hakuna anayemsikia? Alimsamehe nani? Jibu moja la kweli kwa swali moja kati ya haya humleta mama mbele ya watu kuliko sifa 10 za jumla.

Ugumu wa kwanza ni tarehe. Wanawake wengi waliozaliwa vijijini kabla ya uhuru hawakuandikishwa, na tarehe zilizo kwenye vitambulisho vyao zilikisiwa na karani. Umri hutafutwa kwa kuufunga kwenye tukio linalojulikana. Kwa Tanzania upo mradi wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961. Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964. Azimio la Arusha, mwaka 1967. Na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Kwa Kenya ipo hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Bibi anayesema alivunja ungo mwaka wa Uhuru wa Tanganyika huenda alizaliwa kati ya 1945 na 1948. Anayekumbuka kubebwa mgongoni trekta za karanga zilipopita huenda ni wa rika hilo hilo. Ushuhuda wa watu wa rika lake hupunguza pengo.

Ugumu wa pili ni kuchelewa. Maswali haya huulizwa vizuri zaidi akiwa hai, jioni, mikono yake ikichambua mchele au kumenya mbaazi, simu ikirekodi kando. Picha za zamani hutolewa moja moja, na kila aliyemo hutajwa. Majina huandikwa nyuma ya picha kwa penseli laini, pamoja na mahali na mwaka. Picha isiyo na majina, baada ya vizazi viwili, huwa picha ya watu wasiojulikana.

Wako wanawake waliohakikisha wenyewe kwamba hawatasahaulika. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alifiwa na mumewe mwaka 1856. Akiwa mgonjwa alimwita binti yake, Mwana Hashima, akamwambia alete wino na karatasi, na akamtungia utenzi wa mausia. Mafundisho yake juu ya dini, adabu na ndoa yamejadiliwa sana, na wasomaji wa leo hawakubaliani na yote. Lakini katika beti za mwisho alifanya jambo la maana kubwa kwa mada hii: alitaja jina lake, jina la baba yake, mahali alipozaliwa, na mwaka, 1275 wa Hijria, yaani takriban 1858. Kwa ajili hiyo anajulikana hadi leo kama Mwana Kupona, akiwa mke wa mtawala na mama wa Hashima, na akiwa mtu kamili mwenye sauti yake.

Mwingine ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Alitoka kwenye nyumba ya wafinyanzi, akauza vyungu, akaingia mjini na kupata jina la heshima la Siti. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ukaandikwa na Shaaban Robert. Kwa mtu huyo mmoja majina mawili yanaeleza safari nzima, na wasifu unaoficha lile la kwanza ungeficha umbali aliotembea.

Vitu vyake

Baada ya matanga hufunguliwa sanduku. Kwa sheria ya Kiislamu madeni na wosia hutangulia, na wosia hauzidi theluthi moja ya mali. Mume hupata robo ikiwa mkewe ameacha mtoto, na nusu ikiwa hakuacha. Kinachobaki hugawanywa kwa warithi wengine. Lakini vitu vingi vya mama havina bei inayostahili mahakama: kinu, mbuzi ya kukunia nazi, tasbihi, Biblia iliyochakaa pembeni, miwani, kitabu cha vikoba.

Kwa wanawake wa pwani na bara kanga ndizo zinazosema zaidi. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na maandishi yake huitwa jina. Mama huzinunua au kuzawadiwa kwa sababu: harusi ya shoga, kujifungua, ugomvi uliohitaji jibu bila kufungua mdomo. Zikipangwa kwa mfuatano wa miaka huwa kama shajara. Mabinti hugawana, na mara nyingi kila mmoja huchukua kipande kimoja cha doti ili wawili wawe na jina moja. Ile iliyochakaa zaidi haitupwi. Pamba yake imelainika kwa kufuliwa, na huwekwa akiba kwa mbeleko ya mtoto atakayezaliwa.

Arobaini na mwaka

Siku ya 40 Waislamu wengi wa pwani husoma hitima, chakula kikapikwa na dua zikaombwa. Wakristo wengi nao hufanya ibada ya shukrani, na baadaye hujengea kaburi au kuweka msalaba. Mwaka ukitimia, tangazo la kumbukumbu huchapwa gazetini pamoja na picha yake, nalo husema anakumbukwa na mumewe, watoto, wakwe na wajukuu. Wengine huona heri kutoa sadaka inayoendelea kwa niaba yake, kama kisima au misahafu ya madrasa. Kwa walioacha alama kwa taifa kumbukumbu huwa ya umma: Bibi Titi Mohamed, aliyewahamasisha wanawake kuingia chama cha TANU na kufariki mwaka 2000, ana barabara yenye jina lake katikati ya Dar es Salaam.

Wakati wa kujengea kaburi ndio wakati wa kuamua kitakachoandikwa. Maandishi kama "Mama yetu mpendwa" hayamtambulishi mtu kwa kitukuu atakayefika hapo baada ya miaka 60. Yanayofaa ni jina lake la kuzaliwa, la baba yake, alikozaliwa, miaka yake, kisha jina la umama.

Kurithiwa jina

Hatua ya mwisho hutokea mbali na kaburi, kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Kwa Wakikuyu mpango ni wazi: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake, bibi awe hai au amekufa. Kwa Waswahili hakuna orodha kali hivyo, lakini kumrithisha mjukuu jina la bibi ni heshima inayotafutwa, na siku ya akika, ambayo kwa kawaida ni ya 7, jina hutangazwa mbele ya ndugu. Mtoto na bibi huwa wajina, au somo.

Jina hilo hubeba adabu yake. Mama wa mtoto hawezi kumkaripia binti kwa jina la mama mkwe au la mama yake mzazi, kwa hiyo nyumbani mtoto huitwa Bibi, Mama au Somo. Hubebwa kwa mbeleko iliyokatwa kwenye kanga ya wajina wake, na huambiwa mapema kwamba ana vidole vya bibi, au ukaidi wa bibi. Akifika miaka 6 au 7 huandikishwa shule. Kila asubuhi mwalimu hufungua daftari la mahudhurio na kuliita jina kamili, lile ambalo majirani walilisikia mara ya kwanza penye msiba, naye mtoto husimama na kuitika.